Maji ya Kunawa

Tangu magari yalipopigwa marufuku, sheria ni moja: unalala nyumba iliyo karibu na kazi yako, na wenye nyumba wanakupokea kama mtoto wao. Kobelo alipomaliza shule akapangiwa mashamba ya mpunga Dakawa, akaishi kwa Mama Tunu, mama mwenye mdomo, ambaye hamwachi alale kama hajaosha sahani yake.

Leo kapata likizo. Kakanyaga baiskeli tangu alfajiri mpaka Kihonda, kwa mama yake mzazi. Anafika, anakuta jamaa kakalia kigoda cha Kobelo, anamenya vitunguu.

"We nani?"

"Lusajo. Nafundisha shule hapo jirani. We mgeni wa nani?"

"Mgeni? Kaka, hapa kwetu!"

Mama akatoka jikoni mbio, akamkumbatia huku analia. Kobelo akashusha pumzi.

Chakula kilipoiva, mama akamgeukia Lusajo: "Mikono gani hiyo? Hebu kanawe bombani huko!" Halafu akaleta birika na beseni, akapiga goti mbele ya Kobelo, akammiminia maji taratibu.

"Karibu, baba. Jisikie uko nyumbani."

Kobelo akaduwaa. Kaheshimiwa, sasa mbona roho inamuuma? Akala. Alipomaliza, sahani akaiacha pale pale chini, makusudi kabisa, akakaa kusubiri afokewe.

Mama akaiokota mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Asante kwa kuja, baba," akasema.