Gari la Dresa Bartholomeo

Wanaume kumi na wawili walikuwa wamelizunguka gari lake, kila mmoja na mti mkononi.

Bartholomeo alisimama langoni kwa fundi magari Nkwabi. Zile hazikuwa fimbo za kuchungia. Yalikuwa majiti mazito, marefu kuliko mtu, yametoka kukatwa porini asubuhi ile.

Maskini, alikuwa na sababu ya kuogopa. Alikuwa dresa wa malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Kazi yake ilikuwa kuwatoboa watu vidole, kupaka damu kwenye vioo na kuipeleka Shinyanga ikapimwe. Mwaka ule wa hamsini na mbili, mtu anayeondoka na damu za watu ndani ya gari alikuwa na jina moja tu: mumiani. Wiki mbili nyuma, karibu na Tinde, mama mmoja alimpigia mwano, lile yowe la Wasukuma ambalo kila alisikiaye hutoka mbio na chochote alichoshika. Walimrushia mawe. Meno yake mawili yalibaki kule.

Hapa Ushetu walimpokea vizuri. Bibi Paskazia, jirani wa fundi, alimletea maziwa mgando kila asubuhi, na hakuondoka mpaka aone kibuyu kimekauka. Kumbe ni kwa muda tu, Bartholomeo aliwaza.

Gari alilileta kwa ajili ya daraja. Ng'ambo ya mto kulikuwa na wagonjwa, na daraja lilijengwa kwa mikokoteni ya ng'ombe: mistari miwili ya magogo, basi. Magurudumu ya mbele yalienea. Ya nyuma yalining'inia nje.

"Daraja halipanuki," Nkwabi alimwambia. Kazi aliisomea mgodini, Geita. "Tutapunguza ekseli ya nyuma. Nakata upana wa kiganja huku, nakata kiganja huku, naunganisha. Njoo Jumamosi."

Leo ilikuwa Ijumaa. Lakini habari zilikuja kwamba ng'ambo kuna mama haamki hata kunyonyesha, naye hakuweza kukaa.

"Fundi yuko wapi?" aliuliza.

"Kafuata mtungi wa gesi," alijibu Bujiku, mkubwa kuliko wote, bila kutoa macho kwenye gari. "Tunamsubiri yeye tu, tuanze."

"Muanze nini?"

Bujiku alitemea mate viganjani, akaushika mti wake vizuri. "Kaa mbali, daktari. Usije ukaumia bure."

Gari lilisimama juu ya magurudumu yake manne, nyuma limekuwa jembamba. Bartholomeo alijilazimisha kutabasamu. Alitembea polepole kama mtu anayekwenda kutazama tu. Alipofika mlangoni aliruka ndani, akawasha.

"Shuka!" Bujiku alinguruma. "Hilo gari haliendi popote!"

Bibi Paskazia alijitupa njiani, mikono ameitanua. Hata yeye! Bartholomeo alikata kona, akamkwepa, akatokomea na vumbi. Nyuma yake mwano ukapasuka.

Boma moja lililipokea yowe, la pili likalidaka. Wanawake walitoka mashambani na majembe. Kwenye kioo aliwaona wanaume wanakuja, miti mabegani, midomo wazi. Nimewakosea nini? Usukani ulikuwa unavuta kushoto. Alidhani ni mashimo ya barabara. Akakanyaga mafuta.

Mto ulikuwa umejaa. Magurudumu ya nyuma yalikaa juu ya magogo sawasawa, kama yamezaliwa hapo. Kwa mara ya kwanza akapumua.

Katikati ya daraja kitu kililia chini yake, kraa! Upande wa kushoto ukazama. Gari likainamia maji, injini ikazimika.

Hawakusimama ukingoni. Waliingia mtoni na miti yao, maji yakawafika kifuani, wakaja. Alisikia miti ikigonga tumbo la gari, mmoja baada ya mwingine.

"Wote kwa pamoja!" Bujiku alipiga kelele.

Bartholomeo alifumba macho akaanza Baba Yetu. Gari likapanda. Alisubiri lipinduliwe. Halikupinduliwa, lilinyooka, likatulia hewani. Mkono wenye baridi ya maji ukapenya dirishani, ukamkamata shati.

Alikuwa fundi Nkwabi, anahema kama mivukuto.

"Dresa, nani alikwambia ekseli imekwisha? Nimeishikiza kwa matone matatu tu ya kuchomelea ili niipime, nikawaita hawa wainue gari niiunganishe. Tumekupigia mwano njia nzima usimame, na wewe unazidi kukanyaga mafuta!"