Samaki wa Pangani

"Aliumia sana?" mama aliuliza.

Dionis alikuwa ametoka moja kwa moja stesheni ya Tabora, akiwa peke yake. Walikuwa wamekwenda manamba wawili, yeye na mtoto wa mama huyu, kwenye shamba la mkonge la Mwingereza kule Pangani. Mwenzake akakanyaga samaki baharini, akafa.

"Samaki mwenyewe anafanana na jiwe, mama. Mchana hulala kimya kwenye miamba, usiku ndipo huwinda. Miiba ya mgongoni ina sumu. Lakini mwanao hakuteseka. Alilala tu, kama mtu aliyechoka."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akaleta maji ya kumnawisha, akampandisha mkono wa shati usije ukalowa.

Akasita. Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na kovu bichi la meno yaliyozama hadi ndani ya nyama. Meno ya juu yalikuwa na mwanya katikati, mwanya wa mwanawe.

Aliweka kidole pale kwenye mwanya, akakiacha. Maji yakawa yanawamwagikia miguuni.

"Nieleze tena, baba," alisema. "Usinifiche."