Hodi ya Pili

Zaina alibandika vihisio kwenye paji la uso la mama yake, aliyelala akiwa amefumba macho tangu apate kiharusi. Kibao cha elektroniki cha bei rahisi alichokiunganisha mwenyewe kilirusha mawimbi ya ubongo hadi kwenye simu. Alirekebisha mipangilio mpaka yakatulia, yakipanda na kushuka taratibu kama ya mtu aliyepumzika bila kushughulishwa na kitu.

“Hodi!” aliita jirani yao, Chausiku, mguu mmoja tayari ndani. Tangu mwenye nyumba augue, hakukuwa na wa kuitikia.

Mawimbi kwenye simu yakalala, karibu kuwa mstari.

Zaina alikagua waya. Zote zilikuwa mahali pake, na mawimbi yakarudi.

“Dada Chausiku, usiingie. Hebu piga hodi tena.”

“Hodi hapa!”

Yakalala tena.

“Mama anakusikia,” Zaina alinong'ona.

Chausiku akaurudisha mguu nje, akavua ndala, akasubiri mwenye nyumba amkaribishe.