Kikombe Kilichobaki Kabatini

Asubuhi hiyo, kama ilivyo katika kila nyumba ya Tanga siku hizi, kabati la jikoni lilifunguka lenyewe na kutoa vyombo vya watakaokula humo jioni. Halikuwahi kukosea hata sahani moja. Leo, badala ya sahani tatu za kawaida, lilitoa masinia kumi na mawili na dele la kahawa.

Bi Mwanamvua alipiga kigelegele. Hakuna aliyemshinda kusoma kabati. Mtaa mzima ulimwita awasomee.

"Posa hiyo, Siwema!" alimwambia binti yake. "Kina Shekue wanakuja ukoo mzima!"

Siwema hakucheka. "Mama, dele hilo mara ya mwisho lilitoka siku aliyofariki bibi."

"Kahawa ni kahawa, mwanangu."

"Na kikombe cha baba kimetoka. Changu kimetoka. Chako kimebaki ndani." Alikivuta kwa mikono miwili, lakini kabati lilikuwa limekishika.

"Kwani umeona wapi mama mwenye nyumba akakaa kula siku ya posa?" Bi Mwanamvua alijifunga kanga kiunoni. "Nitakuwa mbio mbio humu jikoni mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Kabati niachie mimi."

Aliitazama sufuria kubwa ya pilau iliyokaa juu kabisa, karibu na dari. Akakivuta kile kigoda chenye mguu uliolegea, akapanda huku akiimba.