Kanga Kiunoni

Tarumbeta la jazi lilipopanda, Salme alisimama kwenye ncha za vidole vya mguu mmoja, na papo hapo mama yake, Bi Nunuu, akapanda jukwaani kumtuza. Bi Nunuu hakuwa amewahi kuona baleti. Alichojua ni kwamba mchezaji akikukosha, unamtuza. Akapiga kigelegele, akamfunga binti yake kanga kiunoni, akarudi kitini kwa maringo. Ukumbi ukaangua kicheko. Salme hakuifungua. Alicheza nayo hadi mwisho, kiuno kikilijibu tarumbeta, na kicheko kikafa chenyewe.

Nyuma ya pazia, Mwalimu Kheri alimngoja akihema.

"Umeigeuza baleti kuwa ngoma ya harusi! Waombe radhi wenzako, la sivyo dansi ya mwisho ataicheza Tabia."

"Amenifunga mama yangu, Mwalimu."

"Si ungeivua!"

"Mbele yake?"

Wenzake waliinamia viatu vyao. Dansi hiyo ya mwisho Salme alikuwa ameifanyia mazoezi mwaka mzima. Miongoni mwao, Tabia alikwishaanza kunyoosha miguu.

Taa za ukumbini zikafifia tena. Salme akalikaza fundo la kanga.

"Siombi radhi."