Wake Wenza wa Uani

Damu ya mkewe ilikuwa imelowesha kiti cha ngozi cha gari, na mtoto alikuwa bado tumboni. Mvua ilikuwa imezifukuza pikipiki zote za abiria mtaani Mapendo.

Ted aliwasha Morris ya kijani, gari la zamani, ampeleke hospitali. Kati ya tatu alizokusanya tangu ahamie Goma kutoka Uingereza, hiyo tu ndiyo iliyokuwa na betri, na ndiyo aliyoificha ndani kabisa ya ua. Mbili nyingine zilifunga njia ya kutokea bila kuacha upenyo, zimepandishwa juu ya mawe ya volkano, bampa alizozisugua asubuhi ile zikimeta.

Mkewe, aliyezoea kuziita wake wenza, alimshika mkono.

"Papa, leo chagua bibi mumoja."

Ted aliingiza gia, akalenga katikati ya zile mbili.