Nungunungu, Mteja wa Pekee

Wanyama walipokwisha kuchoka kucheza mchangani, Mhanga, yule mchimbaji wa mashimo, alitengeneza mashine ya michezo. Wote waliitazama wakaiacha. Nungunungu peke yake ndiye aliyeinunua. Mhanga akaapa mbele ya umati, "Aliyenunua kwangu sitamtupa mkono!"

Na kweli hakumtupa. Kila kukicha alibisha hodi kwa Nungunungu na mchezo mpya, akakaa kitako kumfundisha mpaka jua likazama.

"Kaka Mhanga," Nungunungu alisema siku moja, hoi, "mashine hii nimeichoka. Nawe kapumzike."

"Nipumzike na nimeapa? Haya, bonyeza hapo!"

Nungunungu akaona hana budi kutafuta wa kumpokea mzigo. Akazunguka mwitu mzima akiisifu mashine mpaka sauti ikamkauka. Ngiri akanunua, Fungo akanunua, Nguchiro akanunua pamoja na shemeji zake. Mhanga akawa na nyumba nyingi za kuzuru, na Nungunungu akalala usingizi mnono.

Lakini haukupita muda, ukimya wa nyumba ukaanza kumkera. Akaitazama ile mashine, akaimwagia mchanga kwenye vitufe, kisha akakimbia kumwita Mhanga.

"Kaka, njoo! Imeharibika!"

Mhanga akaja, akaifungua, akashangaa. "Mchanga huu wote umeingiaje?"

"Hata sijui," akajibu Nungunungu, akimpakulia kumbikumbi. "Lakini kuutoa kutachukua muda, sivyo?"